Baiskeli Iliyosubiri Mgeni Rasmi

Hapo zamani za juzijuzi paliondokea nchi moja yenye neema, ambayo jina lake halitatajwa hapa. Si kwa woga, hasha. Ni kwamba jina lenyewe limepelekwa kufanyiwa ukarabati, na likirudi litabidi lizinduliwe kwanza ndipo watu wa kawaida waruhusiwe kulitumia.

Maana huko kila kitu huzinduliwa. Hakuna kisima, kivuko, darasa wala ndoo ya serikali inayoguswa kabla mgeni rasmi hajaja, akahutubia, akapigiwa makofi na kukata utepe mwekundu. Desturi hii haikuletwa na mtu kwa mtutu wa bunduki. Wananchi wenyewe waliipenda, wakailea, ikakua ikawazidi kimo. Choo cha soko la Ibumbu kilipojengwa, kilikaa na utepe wake mlangoni tangu masika mpaka kiangazi, na watu waliobanwa walikuwa wakikitazama kwa fahari huku wakikimbilia migombani. Alipotokea mchuuzi mmoja mlevi akauruka ule utepe, hakushikwa na askari. Alishikwa na wachuuzi wenzake, wakamwuliza hana haya, anaingiaje mahali ambapo waziri bado hajaingia.

Katika mji huo wa Ibumbu aliishi mchuuzi wa ndizi aliyeitwa Luhende, naye alikuwa mashuhuri kwa sababu ya viganja vyake. Mungu alimjalia viganja vipana kama sinia, na makofi yake yalisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Kwenye kila uzinduzi aliwekewa kiti safu ya mbele kwa kazi moja tu: kuanzisha. Mgeni rasmi akinyamaza kuvuta pumzi, Luhende alipiga, na uwanja mzima ukafuata. Hakulipwa. Alipewa soda na heshima, akaridhika navyo.

Mkewe, Nyamizi, hakuwa na imani na viganja hivyo.

"Baba Shija," alikuwa akimwambia, akimwita kwa jina la binti yao aliyeolewa mbali, "mikono yako hiyo itakuja kutuponza."

"Mama Shija, kumpigia mtu makofi si dhambi."

"Si dhambi. Ila wewe unapiga kwanza, halafu ndiyo unauliza kasema nini."

Nyamizi alikuwa mgonjwa wa sukari, na kwenye wayo wa mguu wake wa kushoto palikuwa na kidonda kilichokataa kufunga. Kila Alhamisi alitakiwa afike zahanati, iliyojengwa juu kabisa ya mlima, kwa sababu aliyechagua kiwanja alitaka mgeni rasmi apate mandhari nzuri ya kupigia picha. Huko juu muuguzi, Sista Leokadia, alikisafisha kidonda, akakifunga kitambaa kipya, na kila mara alimuaga kwa neno lile lile.

"Mama, usikose. Kidonda cha sukari hakina subira. Tukikiacha kikachimba hadi mfupani, mguu huu tutauaga."

Basi kila Alhamisi Luhende alimpakia mkewe kwenye keria ya baiskeli yake kuukuu ya chuma, juu ya kimto alichomshonea mwenyewe kwa gunia na sufi. Kwenye tambarare alikanyaga. Mlimani alishuka akasukuma, Nyamizi akiwa amekaa vilevile, amemshika bega, akimmegea umbea wa mji ili asahau uchovu. Baiskeli ililia kila kiungo, breki yake ilikuwa kipande cha ndala, na mnyororo ulichomoka kwenye kona ya mwisho bila kukosa. Lakini ilifika. Pikipiki za kukodi hazikuwapo, kwani zilipigwa marufuku nchi nzima baada ya moja kupita karibu na ukumbi na kumwamsha Rais katikati ya hotuba yake mwenyewe. Magari yalikuwepo, ila yalikuwa ya serikali.

*

Siku Waziri wa Mwendo alipotembelea Ibumbu, mvua ilikuwa imeagizwa isinyeshe, nayo ikatii kwa kiasi chake. Mshereheshaji alikuwa Bwana Shitindi, mtendaji wa kata, kijana mwembamba mwenye sauti nene, ambaye alizingatia itifaki mpaka baadhi ya waliokuwa wakizingatiwa wakapitiwa na usingizi. Kisha Waziri akasimama.

"Ndugu wananchi! Mataifa makubwa, baada ya utafiti wa muda mrefu na wa gharama, yamegundua jambo la kutisha. Yamegundua kwamba mguu unachoka!"

Luhende akapiga. Uwanja ukafuata.

"Serikali yenu sikivu imekisikia kilio cha miguu yenu. Kuanzia sasa, hakuna raia wa nchi hii atakayekanyaga tena. Tunawaletea baiskeli ya umeme!"

Kitambaa kikavutwa, na juu ya jukwaa ikaonekana baiskeli nene, nyeusi, inayong'aa, yenye vitufe vingi kuliko joho la askofu. Waziri aliizunguka akiipapasa.

"Ina kioo kinachoonyesha mwendo, joto la hewa na picha ya Rais. Ina kamsa ya wezi. Ina betri mbili: moja ya kutembea na moja ya kusema, kwa sababu baiskeli hii inazungumza, na sauti iliyomo ni yangu mwenyewe. Nimeitoa bure, kwa uzalendo."

Makofi yalipotulia, mkono mmoja uliinuliwa kule nyuma. Ulikuwa wa Mwalimu Kahindi, mama mstaafu aliyewafundisha hesabu nusu ya watu waliokuwa uwanjani, akiwamo Bwana Shitindi, ambaye aliuona ule mkono akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Mheshimiwa, hongera, ni nzuri," alisema Mwalimu Kahindi. "Swali langu ni dogo. Inalipa? Nasikia moja bei yake ni ya zizi zima la ng'ombe. Umeme hapa Ibumbu huja kama mkwe, unakaa kidogo kwa adabu halafu unaondoka. Fundi tuliye naye ni wa kuziba pancha. Sasa mimi nauliza, kwa mtu wa mlimani kama sisi, faida yake itazidi gharama na usumbufu wake?"

Waziri alimtazama yule mama kwa huruma, kisha akatabasamu.

"Hilo ni swali zuri. Ni zuri mno, haliwezi kujibiwa hivihivi tu. Naliundia tume!"

Luhende akapiga kwa nguvu zaidi, kwa kuwa alilipenda sana neno tume. Lilikuwa na uzito mdomoni.

"Na sasa," Waziri akaendelea, "vyuma chakavu vyote mnavyovipanda vitayeyushwa, tujenge mnara wa Baiskeli ya Umeme hapahapa uwanjani. Nani mzalendo wa kwanza atakayeitoa baiskeli yake?"

Akanyamaza. Kwa mazoea ya miaka mingi Luhende aliujua ukimya wa namna ile na kazi yake. Viganja vikakutana vyenyewe, paa, vikalia peke yao katika uwanja mzima, maana safari hii hakuna aliyefuata.

"Yule pale!" Waziri akapaza sauti. "Shujaa! Nawe ndiwe utakayekuwa wa kwanza kupewa mpya!"

Vijana wawili wa shughuli waliiondoa baiskeli ya Luhende pale ilipokuwa imeegemezwa, wakaitupa kwenye lori na kimto chake juu ya keria. Zilifuata za watu wengine wote. Jioni, Nyamizi alimsikiliza mumewe mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Na Alhamisi je?" akauliza.

"Mpya inakuja, Mama Shija. Hiyo inapanda mlima yenyewe, wewe kazi yako ni kukaa."

"Inakuja lini?"

Luhende akaviangalia viganja vyake.

*

Baiskeli mpya ilifika kabla ya Alhamisi, jambo lililowashangaza hata walioileta. Iliingizwa sebuleni na watu wanne, kwa kuwa uzito wake ulikuwa wa ndama. Toka kwenye usukani mpaka kwenye tandiko ilifungwa utepe mwekundu wa hariri.

"Usiiguse," alionya Bwana Shitindi. "Mgeni rasmi atakuja kuizindua."

"Atakuja lini, mwanangu?"

"Ratiba inaandaliwa."

"Mke wangu ana kliniki Alhamisi."

"Alhamisi ni siku nzuri tu, mzee. Kinachotafutwa ni Alhamisi ipi."

Luhende aliinama akaichungulia. "Mbona haina pedali?"

"Waliotengeneza waliziweka, kwa kutokujua. Tumezing'oa, zipo ghalani chini ya ulinzi, mwananchi asije akashawishika kurudi nyuma."

Alhamisi ikafika, mgeni rasmi hakufika. Nyamizi alikwisha kuoga, akavaa kitenge chake cha safari, akaketi kwenye kigoda mbele ya ile baiskeli. Betri ilikuwa imejaa. Kioo kiliwaka, picha ya Rais ikawatazama wote wawili kwa upole. Kilichowazuia kilikuwa kitambaa ambacho mtoto angeweza kukikata kwa meno.

"Kata," alisema Nyamizi.

Luhende alikwenda jikoni akarudi na kisu cha mboga. Akakiweka chini ya utepe. Alikuwa mtu mzima, mwenye binti aliyeolewa, amebeba mikungu ya ndizi maisha yake yote, na kisu kilikuwa kikali. Lakini tangu azaliwe hakuwahi kuona utepe ukikatwa na mkono usiokuwa na saa ya dhahabu, na mkono wake haukwenda. Alijionea aibu mpaka jasho likamtoka. Alikirudisha kisu jikoni, akabaki hukohuko muda mrefu akijidai anatafuta chumvi.

Nyamizi alivua kitenge cha safari, akakikunja, akarudi kitandani akichechemea.

*

Mgeni rasmi alikuja Alhamisi ya wiki iliyofuata. Hakuwa Waziri, alikuwa msaidizi wa msaidizi wake, lakini alikuwa na mkasi wake mwenyewe. Utepe ukakatwa, Luhende akaanzisha makofi ya baiskeli yake, na wapiga picha wakataka kuona mwananchi akipanda mlima na familia. Nyamizi akapakiwa.

Na hapa ukweli lazima usemwe, kwa kuwa ukweli nao una haki zake hata katika nchi ile. Baiskeli ilikuwa nzuri. Luhende alibonyeza kitufe, ikaondoka kimya, bila kulia popote, ikaushika mlima na kuupanda bila kupunguza mwendo. Upepo ukampiga kifuani. Wanawake waliokuwa wakiteremka na kuni wakasimama kando wakapiga vigelegele bila kuambiwa na mtu. Penye kona ya mwisho, pale ambapo mnyororo haukukosa kuchomoka, walipita kama hapakuwahi kuwa na kona.

"Baba Shija!" Nyamizi alikuwa anacheka, amemkumbatia kiunoni. "Hebu punguza! Watu watasema tumekuwa vijana!"

Umbea aliokuwa amemwandalia wa mlima mzima aliufikisha nusu tu, wakawa wamefika.

Sista Leokadia alikifungua kidonda, akakunja uso kwa ile Alhamisi iliyopotea, akakisafisha kwa uangalifu mkubwa. Alipomaliza alichungulia dirishani kuiona baiskeli.

"Mkija na hiyo kila wiki, bila kuruka hata moja," alisema, "mama huyu atapona, mimi nawaambia."

Siku hiyo Luhende alilishukuru lile lori lililochukua chuma chake. Aliyashukuru pia mataifa makubwa, hata asiyoyajua majina. Waliteremka mlima taratibu, na walipofika mlangoni kwao kioo kikazimika, picha ya Rais ikafifia, na baiskeli ikasimama. Betri ilikuwa imekwisha.

*

Kituo cha Taifa cha Kuchajia kilikuwa karibu na uwanja, jengo zuri lenye vigae. Kilikuwa na utepe mlangoni.

"Lakini si baiskeli imeshazinduliwa?" Luhende alimwuliza Bwana Shitindi. "Nilikuwepo. Nimepiga makofi mimi mwenyewe."

"Baiskeli ndiyo, mzee. Na ule umeme uliokuwa ndani yake ulizinduliwa pamoja nayo. Sasa huo umekwisha. Umeme mpya ni mradi mpya."

"Kwa hiyo kila betri ikiisha?"

"Kila betri ikiisha, tunaomba mgeni rasmi. Ila usihofu, maombi yako tumeyapokea kwa moyo mkunjufu."

Luhende alijaribu kwa jirani mwenye umeme wa nyumbani, lakini plagi ya baiskeli ile ilikuwa na pini tano, kwa ajili ya hadhi, na ukutani mlikuwa na matundu matatu. Fundi wa pancha aliitwa, akaizunguka mara mbili, akaigonga tairi kwa kidole, akasema matairi yako salama. Alhamisi moja ikapita. Ya pili ikapita. Kidonda kikaanza kunuka, na Nyamizi akaanza kuchoma ubani asubuhi na kusema ni kwa ajili ya mbu.

Alhamisi ya tatu Luhende aliamua kuisukuma. Si alisukuma ile ya zamani miaka yote? Akamweka mkewe juu, akainamisha kichwa, akasukuma. Hatua chache tu, baiskeli ikanguruma kwa sauti ya Waziri:

"Mwananchi! Unarudi nyuma!"

Betri ya kutembea ilikuwa imekufa kabisa. Betri ya kusema haikuwa na dalili ya kuugua. Luhende alisukuma, na baiskeli ikahubiri, na watu wakatoka milangoni kutazama. Ile kamsa ya wezi nayo ikadhani mwenye mali anaibiwa, ikalibana gurudumu la nyuma lisizunguke vizuri. "Mwananchi! Maendeleo hayasukumwi!" ikanguruma. Walipofika chini ya mlima, Luhende alikuwa anahema kwa kinywa wazi, na hapo Bwana Shitindi akawakuta.

"Mzee Luhende! Unaikokota sera ya serikali barabarani, mchana kweupe?"

"Bwana Shitindi, mwanangu," alisema Nyamizi kutoka juu ya tandiko, kwa sauti ya chini, "mguu unaoza."

Kijana yule alitazama huku na huku. Halafu sauti yake nene ikamwishia, akabaki na ile ya nyumbani.

"Mama, shikamoo. Niwaambieje? Mimi mwenyewe natembea kwa miguu. Baiskeli yangu iko chumbani na utepe wake, nalala nimeipa mgongo. Nikiwaruhusu mpite, kesho sina kazi. Rudini, mama yangu. Tafadhali rudini."

Hapakuwa na wa kumkasirikia. Hilo ndilo lililomuumiza Luhende kuliko mlima wenyewe. Aliigeuza baiskeli, nayo ilipoelekezwa nyumbani ikasema kwa furaha, "Hongera mwananchi, songa mbele!"

*

Tume ya kuchunguza lile swali la Mwalimu Kahindi iliwasili na msafara wa magari marefu, ikaomba ionyeshwe mnufaika wa kwanza. Mwenyekiti wake alikuwa profesa mwenye mvi za heshima na moyo mwepesi. Alikaa kwenye kigoda sebuleni kwa Luhende, akakohoa kwa sababu ya ubani, akauliza swali.

"Mzee wetu, kwa maoni yako, je, baiskeli ya umeme inalipa?"

Luhende alikuwa amelingojea swali hilo, akalijibu kwa moyo wake wote.

"Mzee mwenzangu, kuna siku moja ililipa. Siku ile ningeulizwa, ningesema inunuliwe hata kwa ng'ombe wote wa nchi hii, na aliyeibuni nimpe binti mwingine kama ningekuwa naye. Inapanda mlima, mke wangu anacheka. Lakini haijapanda tena. Haichajiwi bila sherehe, haisukumiki bila matusi, haikanyagiki kwa sababu miguu yake mmeing'oa. Ile kuukuu nilikuwa nikiitengeneza kwa waya na mate. Hii sina ninachoweza kuifanya zaidi ya kuifuta vumbi."

Profesa alivua miwani akaifuta. Alikuwa ameguswa kwelikweli.

"Jibu hili limesheheni," aliwaambia wenzake. "Kwa kifupi anasema inalipa, kwa masharti."

"Wazee wangu," Luhende akasema, na sasa alikuwa ameshapiga magoti bila kujua, "mna magari hapo nje. Zahanati ni hapo juu tu. Nifikishieni mke wangu."

Tume ilitazamana. Profesa alimwinua kwa mikono yake miwili.

"Ningependa sana. Mungu ni shahidi yangu. Lakini magari haya yalizinduliwa kwa ajili ya utafiti. Tukimpakia mhusika wa utafiti, matokeo yatapinda."

Wakaagana vizuri, wakapanda magari, wakaelekea mlimani kupiga picha za mandhari. Nyamizi alikuwa dirishani. Aliuona msafara ukiipita kona ya mwisho na kusimama kando ya zahanati. Baadaye taarifa ya tume ilisomwa redioni: imethibitika kwamba swali lilikuwa zuri, na inapendekezwa liwe linaulizwa tena kila baada ya muda wa kutosha.

*

Kubebana mabegani nako kulikuwa kumekatazwa, kwa kuwa kungeharibu taswira ya nchi iliyokwisha kupata umeme. Lakini Nyamizi alipoanza kutetemeka kwa homa na kumwita Shija, binti aliye mbali, kana kwamba yuko jikoni, Mwalimu Kahindi alikuja na wachuuzi wanne wa ndizi, wakakitoa kitanda nje na mgonjwa juu yake. Hawakumwuliza mtu. Bwana Shitindi aliwaona wakikatiza uwanja, akageuka, akaanza kukagua mwembe kwa makini, jani kwa jani, mpaka walipopotea mlimani.

Sista Leokadia alikifungua kidonda. Alikitazama, akakifunga tena polepole, na safari hii hakusema usikose.

Kitanda kilibebwa vilevile mpaka hospitali ya mkoa, na huko mguu ukakatwa, chini kidogo ya goti. Luhende alikaa kwenye benchi la nje akalia mbele za watu, kwa sauti, bila kujificha. Kilichokuwa kikimrudia ni kile kisu cha mboga. Kilikuwa kikali. Utepe ulikuwa kitambaa tu. Alipoingia wodini alimwapia mkewe, huku amevificha viganja kwapani, kwamba hatapiga makofi tena maisha yake yote, hata malaika akishuka na mkasi.

"Usiape, Baba Shija," alisema Nyamizi. "Nchi hii hujui itakudai nini."

*

Serikali sikivu ikasikia. Mnara ulikuwa umekamilika, na chuma kilichobaki kilitumika kutengenezea magongo mawili ya Nyamizi, yawe zawadi ya taifa kwa mnufaika wa kwanza. Waziri wa Mwendo akaja mwenyewe. Nyamizi alibebwa mpaka uwanjani kwa kiti na wale wachuuzi wanne, wakamweka safu ya mbele, na mumewe pembeni yake. Magongo yalilazwa juu ya meza iliyotandikwa, yakiwa yamefungwa pamoja kwa utepe mwekundu.

"Huenda ndani yake mna baiskeli yetu," Nyamizi alimnong'oneza mumewe. Luhende alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili.

"Ndugu wananchi!" alisema Waziri. "Mama huyu alikuwa na mguu ulioharibika, uliomchosha, uliomtesa. Leo anatoka hapa na magongo mawili mapya! Ni nchi gani nyingine duniani humlipa raia viwili kwa kimoja?"

Akanyamaza.

Uwanja nao ukanyamaza. Hawakuwa wamegoma. Walikuwa wakimsubiri Luhende, kama walivyomsubiri siku zote, na hawakujua jambo hili huanzishwaje na mtu mwingine. Waziri alitazama safu ya mbele, akakohoa, akayarudia maneno yake ya mwisho kwa sauti ya juu zaidi, akanyamaza tena. Mkasi ulikuwa mkononi mwake umeachama. Bwana Shitindi alilegeza tai, akasema kwenye kipaza sauti, karibu kwa kubembeleza, "Itifaki, ndugu zangu. Makofi kwanza, ndipo utepe."

Luhende aliikandamiza mikono yake chini ya mapaja. Alihisi mamia ya macho yakimwangukia, lakini alipogeuka, aliyetazamana naye ni Mwalimu Kahindi, kule nyuma, aliyekuwa amesimama, ametulia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Luhende alijiona ni mtu mwenye uzito. Jua lilipanda. Waziri akauangalia mkasi, akaiangalia saa yake, akamnong'oneza msaidizi, na msaidizi akaanza kukusanya vitu vya mezani. Akayanyanyua magongo, akayarudisha ndani ya sanduku lao.

Mkono ukamgusa Luhende begani, mahali palepale ulipokuwa ukimshika mlimani.

"Piga, Baba Shija," alisema Nyamizi. Uso wake ulikuwa umechoka kabisa. "Nataka kwenda nyumbani."

Akaitoa mikono. Ilikuwa imekufa ganzi, akaitazama kidogo kama ya mtu mwingine, kisha akapiga.

Uwanja mzima ukafuata, kwa furaha ya watu waliokuwa wamezuia pumzi. Sanduku likafunguliwa tena, utepe ukakatwa, vigelegele vikapanda mpaka zahanati. Nyamizi akayapokea magongo yake, akayajaribu, yalikuwa mazito, akasimama. Akaanza safari ya kwao, akiyatanguliza, akijivuta, akiyatanguliza tena, na Luhende akifuata nyuma yake, hajui mikono aiweke wapi.